Msimwache Alale Tu: Hotuba juu ya Kufungua Mapafu na Kusafisha Kifua

Wauguzi wenzangu, maafisa wa kliniki, wanafunzi, ndugu zetu VHT, wahudumu wa afya wa vijijini, mliofika kutoka Koboko, Yumbe na Terego, na ninyi mlioacha wagonjwa wenu kitandani ili mje kunisikiliza: hamjambo nyote, na karibuni Arua. Humu ndani kuna Walugbara, Wakakwa, Waaringa, Wanubi, Waaluri na Wamadi, na kuna ndugu waliovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Kiswahili hutukutanisha sokoni na safarini; leo kitukutanishe wodini.

Nina neno moja. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo, aliyevunjika mbavu, au aliyelala siku nyingi kwa ugonjwa wowote, msimwache alale tu. Tumelelewa kuamini kwamba kumpenda mgonjwa ni kumfunika blanketi na kuwakataza watoto wasimsumbue. Huruma hiyo ni njema. Lakini mapafu ya mtu aliyelala chali, anayeogopa maumivu ya mshono, hujifunga pole pole bila yeye kujua. Siku ya tatu tunamkuta ana homa, anahema haraka, hawezi kumaliza sentensi, na tunaandika nimonia kwenye faili. Mara nyingi nimonia hiyo ingezuilika. Alihitaji mtu wa kumkalisha, kumhimiza avute pumzi ndefu na kumsaidia kutoa makohozi, kila saa aliyo macho. Sisi wataalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi na mikono, tu wachache na wodi ni nyingi. Mtu wa kazi hiyo ni wewe unayelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, kwa sababu wewe ndiye uliyepo saa nane za usiku.

Nianze na oksijeni, maana hapo ndipo wengi wetu hutulia mapema mno. Mgonjwa akiwekewa mpira puani, familia hushusha pumzi: ameshasaidiwa. Amesaidiwa kweli, na wote tuliokuwa wodini mwaka 2021, wimbi la pili la korona lilipotupiga na mitungi ikawa ya kutafutwa, tunajua thamani yake. Ila tuelewe oksijeni inafanya nini. Hewa hii tunayovuta sasa ina oksijeni takriban asilimia 21. Asilimia 78 ni naitrojeni. Damu huichukua oksijeni. Naitrojeni hubaki ndani ya vifuko vidogo vya hewa, na kule kubaki kwake huvizuia visinywee. Sasa mrija mdogo ukizibwa na makohozi, hewa iliyokwama nyuma yake hunyonywa na damu kidogo kidogo hadi vifuko vinakutana kuta. Hewa hiyo ikiwa ni oksijeni tupu, huisha upesi zaidi na vifuko hunywea upesi zaidi. Maana yake ni kwamba oksijeni huvinufaisha vile vifuko vilivyo wazi. Haivifungui vilivyokwisha kufunga. Mtungi ukae pale pale, musawo, yaani daktari, ameuagiza kwa sababu. Lakini kazi ya kufungua inabaki kwa mikono na pumzi.

Kwa nini hasa mapafu hufunga baada ya operesheni? Dawa ya usingizi yenyewe huanza. Wagonjwa takriban tisa kati ya kumi wanaolazwa kwa dawa hiyo hupata sehemu za mapafu zilizonywea, na huanza dakika chache tu baada ya kulala, hasa sehemu za nyuma zinazoelekea kitandani. Kisha wanaamka. Diaframu, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, haichezi vizuri kwa siku kadhaa ikiwa kisu kimepita sehemu ya juu ya tumbo. Tumbo lililojaa gesi huisukuma juu. Mshono unauma, kwa hiyo mgonjwa anavuta pumzi fupi fupi za juu juu. Na kuna jambo ambalo wengi hatulitambui: mtu mzima wa afya huvuta pumzi moja kubwa ya ghafla mara kadhaa kila saa bila kukusudia, na pumzi hizo ndizo zinazovinyoosha tena vifuko vilivyoanza kulegea. Maumivu na dawa kali za maumivu huzifuta. Kwa hiyo inabidi sisi tumrudishie kwa makusudi kile ambacho mwili wake ulikuwa ukikifanya peke yake.

Namna yake ni hii. Kwanza, mkalishe. Akiwa amelala bapa, matumbo yote yanaegemea diaframu. Akikaa, yanashuka na nafasi ya hewa inaongezeka hapo hapo, kabla hajafanya zoezi lolote. Kitanda kisichoinuka si kisingizio: geuza kiti cha plastiki miguu juu, kiegemeze nyuma ya godoro, weka mto. Pili, mwambie avute hewa polepole kwa pua hadi mbavu za chini zifunguke kando. Weka viganja vyako pale chini ya kwapa, juu ya mbavu za mwisho, ili ajue hewa inapaswa kufika wapi, mabega yasipande. Tatu, azuie pumzi na kuhesabu hadi tatu. Hili la kuzuia watu hulipuuza, nami nalipenda kuliko yote. Kati ya kifuko na kifuko kuna matundu madogo sana. Mrija ukiwa umeziba, hewa haiwezi kuingia kwa mlango wake wa kawaida, lakini ikipewa muda huo mfupi hupenya kutoka kwa kifuko jirani kilicho wazi, hufungua kilichofunga, na hata huingia nyuma ya makohozi na kuyasukuma mbele. Pumzi ya haraka haifiki huko. Baada ya hapo aachie taratibu. Kumi kama hizo kila saa, na apumzike katikati asije akapata kizunguzungu.

Haya afundishwe lini? Kabla ya operesheni. Naomba wauguzi wa wodi ya upasuaji mnisikilize vizuri hapa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Australia na New Zealand, kwa wagonjwa 441 waliosubiri upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu. Nusu yao waliongezewa nusu saa moja tu ya kuongea na mtaalamu wa fiziotherapia, akawaeleza kwa nini mapafu hufunga na akawafundisha pumzi za kufanya mara tu watakapozinduka. Matatizo ya mapafu yaliwapata asilimia 27 ya waliopewa kijitabu pekee, na asilimia 12 ya waliofundishwa. Nusu saa! Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna dawa. Mgonjwa anayefundishwa akiwa mzima anaelewa. Ukimfundisha baada ya kisu, maumivu na usingizi vimekwisha kumtawala. Pale ambapo operesheni ni ya dharura, na kwetu nyingi ni za dharura, mfundishe muuguzaji, yule ndugu anayemhudumia, wakati mgonjwa yuko ndani. Badala ya yeye kusimama koridoni akitetemeka, mpe kazi ya kujifunza.

Na hayo yote hayawezekani mtu akiwa na maumivu makali. Dawa ya maumivu ipewe kwa wakati wake, halafu zoezi lifuate dakika ishirini au thelathini baadaye. Nimeona familia zinaficha vidonge, wanasema "tutampa akizidiwa." Mpeni sasa. Dawa ya maumivu inayomwezesha kuvuta pumzi na kutembea hadi mlangoni ni sehemu ya matibabu ya mapafu yake. Kutembea pia, tafadhali. Hatua chache kuzunguka kitanda siku ya kwanza, akishikwa mkono, huvuta pumzi kubwa kuliko maneno yangu yote.

Sasa niseme juu ya glavu. Katika wodi nyingi mgonjwa hupewa glavu au puto apulize, na wote tunafurahi likivimba. Fikirini kidogo: kupuliza ni kutoa hewa. Mapafu hufunguka wakati wa kuvuta. Anayepuliza glavu kwa nguvu hadi mwisho wa pumzi anaweza hata kuzifunga zile sehemu dhaifu tunazotaka kuzifungua. Ikiwa faida ipo, imo katika ile pumzi kubwa anayovuta kabla ya kupuliza. Basi tumfundishe hiyo moja kwa moja. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kuvuta ni spirometa ya mazoezi, kile cha plastiki chenye vimpira vinavyopanda mgonjwa anapovuta hewa. Kikipatikana ni kizuri kwa sababu mgonjwa anaona kazi yake kwa macho, lakini utafiti mwingi baada ya upasuaji haujaonyesha kwamba kinashinda pumzi ndefu zilizofundishwa vizuri. Msiuze mbuzi kukinunua.

Kuna kundi moja ambalo kifaa hicho kimeonyesha faida iliyo wazi, nalo linatuhusu sana Uganda: watu wenye sikoseli, ugonjwa wa kurithi ambao chembe za damu hujikunja. Utafiti wa taifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta watoto wachanga wenye chembe moja ya kurithi ya ugonjwa huu ni asilimia 13.3 nchini, na wenye ugonjwa wenyewe asilimia 0.7. Mtoto wa sikoseli akipata maumivu ya kifua au mgongo hujizuia kupumua, mapafu hufunga, oksijeni hupungua, na chembe za damu huzidi kujikunja. Ndivyo shambulio la maumivu linavyogeuka kuwa shambulio la mapafu linaloua. Mwaka 1995, huko Marekani, wagonjwa vijana wa umri wa miaka 8 hadi 21 waliolazwa na maumivu hayo walivuta pumzi kubwa kumi kwa spirometa kila saa mbili za mchana. Katika malazo 19 ya waliofanya hivyo, tatizo la mapafu lilitokea mara moja. Katika malazo 19 ya wasiofanya, lilitokea mara nane. Mama mwenye mtoto wa sikoseli, usingoje kifaa. Mtoto akianza kulia mgongo au mbavu, pamoja na maji na dawa na kumkimbiza hospitali, mkalishe, hesabu naye pumzi kumi, na baada ya saa mbili hesabu tena.

Nimeongea juu ya kufungua. Nije kwenye kusafisha. Mirija ya hewa ina vinyweleo vidogo vinavyopeleka makohozi juu muda wote. Moshi huvilemaza. Wilayani Masindi, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa kuziba mirija kwa asilimia 16.2 ya watu wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, wanawake kwa wanaume, na karibu wote walikuwa wakipikia kuni na mabaki ya mazao. Huku kwetu tumeongeza tumbaku, shambani na mdomoni. Halafu kuna kifua kikuu. Mtu anamaliza dawa zake, kipimo kinasema hana wadudu, anapongezwa na kurudi nyumbani. Lakini sehemu ya mirija imetanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo, na kila baada ya miezi michache anarudi na homa. Anadhani kifua kikuu kimerudi. Jirani zake wanadhani hivyo pia, na wanamtenga. Hawa ndio ninaowaonea uchungu zaidi, kwa sababu dawa zimekwisha kuwasaidia kadiri zinavyoweza na kilichobaki ni ufundi ambao hakuna aliyewafundisha.

Ufundi huo una hatua tatu zinazozunguka. Anaanza kwa kupumua kwa utulivu, mkono juu ya tumbo, mabega yamelegea, nusu dakika hivi. Kisha anavuta pumzi ndefu tatu au nne, kila moja akiizuia hadi tatu, kama nilivyoeleza. Anarudi kwenye utulivu. Ndipo anatoa "haa": mdomo wazi, koo wazi, anasukuma hewa nje kwa misuli ya tumbo kama anayepulizia kioo hadi kishike ukungu. Hakohoi. Kikohozi cha nguvu kinachorudiwa rudiwa hubana mirija, humchosha mtu, humtapisha, na makohozi ya ndani hayasogei. "Haa" huacha mirija wazi. Na hapa kuna siri ya kazi: makohozi yaliyo mbali, ndani kabisa, husogezwa na "haa" ndefu inayoanza na pumzi ya wastani, yakishafika juu, ukayasikia yanakwaruza kooni, "haa" fupi inayoanza na pumzi kubwa huyatoa, au kikohozi kimoja. Halafu utulivu tena, lazima, hasa kwa mwenye pumu, maana mirija yake hukasirika upesi. Anazunguka hivyo dakika kumi hadi ishirini, hadi "haa" mbili mfululizo zitoke kavu.

Njia hii ya "haa" ilielezwa New Zealand miaka ya 1960, ikakuzwa katika Hospitali ya Brompton jijini London, ambako Jennifer Pryor, Barbara Webber na wenzao walichapisha matokeo yao mwaka 1979. Walichonifurahisha ni kwamba mgonjwa aliweza kujisafisha kifua peke yake bila kumngoja mtu wa kumgonga mgongo. Kwa mkulima wa Maracha anayeishi mbali na hospitali, uhuru huo ni mkubwa. Na hapa nyumbani, watafiti wa Makerere walichapisha mwaka 2017 kazi yao ya kuwarudishia nguvu watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu: wiki sita, mara mbili kwa wiki, mazoezi ya mwili na mafunzo ya kujitunza. Waliweza kutembea mbali zaidi na maisha yao yakawa bora. Yalifanyika Kampala. Yanaweza kufanyika chini ya mwembe wa kituo cha afya.

Chupa nayo nitaieleza kwa sababu najua mtaulizia. Chupa ya plastiki, maji ya sentimita kumi kwenda juu, mpira ndani hadi karibu na sakafu ya chupa. Mgonjwa anavuta kwa pua, anapuliza taratibu kwa mpira, maji yanatoa mapovu. Uzito wa yale maji unaweka shinikizo dogo linaloacha mirija wazi wakati hewa inatoka, na mtikisiko wa mapovu unalegeza makohozi. Kisha anafanya "haa". Hii si glavu: anapuliza polepole, bila kujikamua hadi mwisho. Lakini mpira usiwe wa dripu, ni mwembamba mno, unakaba pumzi na shinikizo linapanda kupita tunalotaka. Tundu lake liwe la milimita nane au zaidi, na mdomo wa chupa uachwe wazi hewa itoke. Maji yamwagwe kila siku, chupa ioshwe, na kila mgonjwa awe na yake.

Kumlaza mgonjwa upande ili makohozi yateremke ni tiba ya zamani. William Ewart wa London aliandika juu yake mwaka 1901. Bado inafaa: pafu bovu likiwa juu, zima likiwa chini, mtu mzima hupata oksijeni vizuri zaidi na uchafu hushuka. Kuinamisha kichwa chini ndiko tulikoacha kwa wengi, na kabisa kwa watoto wachanga, kwa walioumia kichwa na kwa waliotoka kula. Kugonga kifua kwa viganja, hapana kwa mbavu zilizovunjika. Vijana wa boda wanaoletwa na mbavu zimevunjika, wapeni dawa ya maumivu ya kutosha, wakumbatishe mto au blanketi lililokunjwa pale panapouma, wakae, wavute pumzi, wafanye "haa". Msiwafunge kifua kwa kitambaa kukizunguka. Mtakuwa mmelifunga pafu.

Na watoto wadogo wenye nimonia au mafua ya kifua, msiwagonge mgongo. Utafiti umerudia kuonyesha kwamba haiwaponyeshi haraka, na mtoto anayepigania pumzi huchoka zaidi. Anahitaji dawa, oksijeni, kunyonyeshwa, na pua safi. Wala msimfunike na sufuria ya maji yanayochemka ili ajifukize. Watoto wanaungua.

Wako pia walioanguka kwenye miembe. Msimu wa maembe unakuja, nasi tunajua wodi itakavyojaa vijana waliovunjika shingo. Kijana huyo hana misuli ya kukohoa. Makohozi kidogo tu yanaweza kumuua. Kuna namna ya kumsaidia, viganja viwili chini ya mbavu, kusukuma ndani na juu sawasawa na jaribio lake la kukohoa, lakini hii nitawafundisha mmoja mmoja, na uti wa mgongo uwe umekwisha kuthibitishwa na daktari kuwa umetulia. Msiijaribu kwa kuisikia.

Yapo mambo ya kusimamisha kila kitu na kumwita musawo: akitema damu mbichi, akipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja na pumzi ikakatika, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa. Na mtu ambaye kikohozi chake kimepita wiki mbili na hajapimwa kifua kikuu, msimfanyishe "haa" katikati ya wodi. Apelekwe kupimwa kwanza. Mazoezi yake ayafanye nje, penye upepo, makohozi kwenye kopo lenye kifuniko, barakoa usoni kwa aliye karibu naye.

Nimesema vya kutosha. Nimeleta mito, chupa na mipira ya kipimo kinachofaa, iko pale dirishani. Gawanyikeni watatu watatu: mmoja awe mgonjwa, mmoja aweke viganja kwenye mbavu, wa tatu ahesabu. Wauguzaji mtangulie, wauguzi mfuate, na nitapita kila kundi. Mgonjwa akipandisha mabega, mrudisheni mwanzo. Wazee msioweza kuketi mkekani, viti viko nyuma. Haya, mvute pumzi ya kwanza kwa pua, polepole, na mzuie: moja, mbili, tatu.